Meno Meupe Juu ya Jeneza

Mtu wa kwetu akiwa ugenini hana haja ya kuulizwa anatoka wapi. Mchekeshe tu. Akifungua mdomo utaona meno ya rangi ya majani ya chai, mengine yana mabaka kama sufuria iliyounguza uji, na utajua huyo alilelewa Nakuru, au Njoro, au Naivasha, popote kule ambako maji ya kunywa huvutwa kutoka chini kabisa ya ardhi. Ni maji matamu, baridi, safi kwa macho. Lakini yana madini yanayoyapaka meno ya mtoto rangi kabla hata hayajachomoza kwenye ufizi, na rangi hiyo haitoki mpaka kaburini. Wazungu waliolima ngano huku walilijua jambo hilo, wakawa wanakinga maji ya mvua kwa matangi makubwa ya mabati. Baba zetu waliponunua mashamba yale, jambo la kwanza walilofanya ni kuyakata matangi wakatengeneza milango ya vyoo. Hao ndio watu wangu.

Mdogo wangu alikuwa mwanajeshi. Aliuawa Somalia, akaletwa nyumbani ndani ya jeneza lililofungwa, akazikwa chini ya picha yenye meno ambayo hayakuwa yake. Bango waliloliweka njia panda kwa ajili yake liko hadi leo, na kila nikilipita nahisi kutema mate. Siku nyingine natema.

Tulikuwa wawili tu, mimi kifungua mimba na yeye kitinda mimba. Baba alifariki yeye bado anatambaa. Mama alitulea kwa kipande cha shamba nje ya Njoro, ng'ombe wa maziwa, na maji ya kisima cha kijiji ambayo sisi watoto tuliyabeba kwa mitungi asubuhi na jioni. Alipokuwa mdogo, ndugu yangu alikuwa mcheshi kupita kiasi. Alicheka kanisani, alicheka akichapwa, na alicheka ng'ombe alipompiga teke mwalimu aliyekuja kununua maziwa. Kijijini hakuna aliyemwona tofauti, maana wote tulikuwa na meno hayohayo. Mtu hawezi kuona aibu ya kitu ambacho kila mtu anacho.

Kisha akaenda shule ya bweni upande wa Nyeri, ambako mito inashuka kutoka mlimani na watu wana meno meupe kama maziwa ya unga. Siku ya kwanza tu wakamwuliza, "Kwani kwenu hamna mswaki?" Waliendelea kumwuliza hivyo miaka yote aliyokaa kule, na walimu wakicheka nao. Alirudi likizo akiwa mtu anayechekea puani. Mdomo ulifungwa kabisa. Kama jambo limemzidi, alikuwa akiinua mkono na kuufunika kama mtu anayepiga miayo mbele ya wakwe.

Alijaribu kila kitu. Alisugua kwa majivu, kwa mkaa, kwa chumvi, kwa ndimu. Siku moja Mama alimkuta nyuma ya zizi akiwa na kipande cha msasa, ule wa fundi wa mbao, mdomo umejaa damu. Alimpiga kwa kandambili mpaka ikakatika, kisha akaketi chini kwenye samadi na kulia. Nilikuwa nimesimama pale na ndoo, na nikamsikia akimwambia, "Wacha kuyakwaruza hayo meno. Hayo ni yangu. Ni mimi nilikupea hayo maji." Hayo maneno yashike, kwa sababu wazee wa kijiji chetu, pamoja na elimu yao na tai zao, hawakuwahi kuelewa jambo dogo kama hilo.

Jeshini aliingia kwa meno hayohayo. Alituhadithia jikoni, mkono ukiwa mdomoni kama kawaida. Vijana walikuwa wamepangwa uwanjani Nakuru wakiwa na kaptula tu, wameshakimbia mbio za kutosha, na mkaguzi anapita akiwatazama miguu, macho, mpaka vinywa. Alipofika kwake akamwambia, "Fungua." Akafungua. Mkaguzi akatikisa kichwa.

"Wewe ni wa Nakuru."

"Ndio, afande."

"Ni mabaya, lakini yamekaa yote. Pita."

Mama alirudia maneno hayo sokoni na kanisani mwaka mzima: ni mabaya, lakini yamekaa yote. Kwake ilikuwa kama cheti.

Huko jeshini alipewa kazi ya kuendesha lori la maji. Sisemi hivyo kumdharau. Nasema kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya, na aliipenda, na aliifanya vizuri. Alikuwa akienda kuchota, anarudi, anajaza matangi ya kambi, anaosha lori, anaanza tena. "Mimi ni yule tu wa mitungi, sista," aliniambia mara moja kwenye simu. "Tofauti ni mtungi umekuwa na magurudumu." Lakini nyumbani tulikuwa na baba mdogo, ambaye sote tulimwita Anko, mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kila kitu kinachohitaji mwenyekiti. Anko alikuwa ameshawaambia watu kwamba kijana wake ni komando. Wakati mmoja ndugu yangu alipokuja likizo akamkuta Anko kwenye duka la chai akieleza jinsi kijana alivyoruka kutoka kwenye ndege.

"Anko," akasema kwa upole, "mimi ni wa lori la maji."

Anko akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Wachana na hiyo maneno. Hiyo ni siri ya jeshi."

Wazee waliokuwa pale wakatikisa vichwa kwa heshima. Mpaka leo kuna watu kijijini wanaoamini lori la maji ni jina la siri la silaha fulani.

Alipelekwa Somalia. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaanza kazi Naivasha kwenye shamba la maua, kwenye banda la kupanga waridi. Kazi yangu ni kutazama ua na kulikataa. Petali ikiwa na doa kidogo, hata doa ambalo mume wako hawezi kuliona ukimwonyesha, ua hilo linakwenda kwenye lundo. Nimefanya kazi hiyo muda mrefu kiasi kwamba najua vizuri kabisa jinsi watu wanavyochukia doa. Ila waridi halina mama.

Jioni moja simu yangu ikalia nikiwa natoka kazini. Alikuwa amenitumia picha. Amesimama kando ya lori, mikono imejaa povu la sabuni, kofia imegeuka upande, na anacheka. Anacheka mdomo wazi, kichwa nyuma, meno yote nje, ya juu na ya chini, ya kahawia kabisa kwenye lile jua la kule. Sikuwa nimeyaona meno yake tangu akiwa mtoto wa shule ya msingi. Chini yake aliandika: "Huku kuna jamaa wa Naivasha, ana meno kama yangu. Wanatuita pacha. Onyesha mathe."

Jumamosi hiyo nikapanda gari mpaka nyumbani, kwa sababu Mama alikuwa na simu ya kabambe isiyopokea picha. Alivaa miwani yake ya kusomea Biblia. Aliitazama picha ile kwa muda mrefu, akaipangusa kwa pembe ya leso, akaitazama tena. Halafu akaanza kucheka mwenyewe, taratibu, mabega yakitikisika. "Amerudi," akasema. "Huyu ndiye mtoto wangu. Yule mwingine wa kufunga mdomo nilikuwa nimeletewa na shule." Tangu siku hiyo kila nikienda nyumbani hakuniuliza habari za kazi wala za mume. Alinyoosha mkono tu. "Leta yule anacheka."

Alikufa akileta maji. Bomu lilikuwa limefukiwa barabarani, na lori lake lilikuwa mbele. Afande aliyekuja kutuambia alikuwa mtu wa makamo, amefuatana na padre wa jeshi na chifu wetu. Mama alimwuliza kama atamwona mwanawe. Afande akavua kofia, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Mama.

"Mama, hatutafungua. Naomba usiniulize sababu."

Huyo nampa heshima yake. Alisema kitu kimoja, cha kweli, akanyamaza. Katika msiba wote ule sikumwona mwingine.

Mama hakupiga kelele. Alingoja wageni waondoke, kisha akaniita chumbani kwake. "Kama hawatanifungulia sanduku," akasema, "basi niwekeeni yule anacheka juu yake. Nitamwaga huyo." Hakuomba kingine. Hakuomba hema, hakutaja ng'ombe wangapi wachinjwe, hakutaja nani ahubiri. Aliomba picha moja, ile, ili apate uso wa kuuaga. Nikatoka nje nikawaambia kamati ya mazishi.

Kamati! Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi. Huyu alikuwa mtu mmoja tu, na bado wakafanya harusi. Watu ambao hawakuwahi kumletea Mama hata kuni wakati wa mvua walikuwa pale kila jioni, kila mmoja na kikombe chake na maoni yake. Walibishana nani ataketi kwenye meza kuu. Walibishana kama mheshimiwa mbunge azungumze kabla ya mhubiri au baada yake. Mwanamke mmoja aliyewahi kumwita ndugu yangu mtoto wa mjane alilia akazirai mara tu aliposikia watu wa televisheni watakuja, na alipozinduka akauliza watakuja saa ngapi. Anko, bila shaka, ndiye mwenyekiti. Alipokea ombi la Mama mbele ya wote, akasema ni ombi takatifu, akaniagiza nimtumie picha kwa simu aipeleke studio mjini ikuzwe na kuwekwa kwenye fremu. Nikamtumia.

Fremu ilifika asubuhi ya mazishi, imezungushiwa karatasi. Niliifungua mimi, jikoni, katikati ya masufuria ya kamati. Kofia ilikuwa ileile, imegeuka upande. Povu la sabuni wamelifuta. Lori wameliondoa, wakaweka bendera inayopepea. Na meno... Mungu wangu, yale meno. Yalikuwa meupe kama vigae vya choo cha hoteli. Yamenyooka, yanang'aa, yamejaa mdomo mzima, hata mwanya mdogo wa mbele wameuziba. Chini ya macho ya ndugu yangu palikuwa na mdomo wa mtu anayetangaza dawa ya meno.

Nilimfuata Anko nje, akiwa anawapanga vijana wa kuelekeza magari.

"Anko, hii ni nini?"

"Si imetokea poa?" akasema, bado anatazama magari. "Tulimwambia kijana wa studio amsafishe kidogo tu."

"Amsafishe? Kwani alikuwa mchafu?"

"Wewe nawe. Unajua leo tutakuwa na watu kutoka Nairobi. Televisheni. Shujaa hawezi kuonyeshwa nchi nzima na meno kama hayo. Watasema nini juu yetu?"

Alisema hivyo akinitazama, na mdomo wake ulikuwa wazi, na meno yake mwenyewe, yale aliyobaki nayo, yalikuwa ya kahawia kuliko ya marehemu. Nyani haoni kundule. Nikamwambia hivyohivyo, kwa maneno hayo. Akaniambia nina kiburi cha watu wa Naivasha, na kwamba nimshukuru Mungu familia ina mtu wa kufikiria heshima yake. Nikamwambia atume mtu mjini sasa hivi akachapishe ile ya kweli. Akacheka. Vitabu vya ibada vilikuwa vimeshachapishwa na picha hiyo. Bango la njia panda lilikuwa limeshatundikwa, na uso wa mheshimiwa ukiwa pembeni, mkubwa kuliko wa marehemu. "Mambo imeshaenda," akasema. "Hata mathe hataona tofauti. Yuko na machozi."

Niseme wazi, nilimchukia Anko siku ile, na sijaacha. Si kwa uongo, maana uongo ndio kazi yake tangu zamani. Nilimchukia kwa lile neno, hataona tofauti. Mwanamke aliyembeba mtoto tumboni, akamnywesha maji yale, akamkuta na msasa mdomoni, eti hataona tofauti.

Sikumwambia Mama mapema. Nilifikiri labda kweli machozi yatamsaidia, na nikajiona mjinga nilipoona anavaa miwani yake.

Jeneza liliingia mabegani mwa wanajeshi, limefunikwa bendera, polepole, na uwanja wote ukanyamaza isipokuwa ng'ombe wa jirani. Waliliweka kwenye meza. Anko mwenyewe, akiwa na suti ya bluu na ua kifuani, alisogea mbele ya kamera na kuiweka fremu juu. Mama aliinuka kwenye kiti chake. Nilimshika mkono tukaenda pamoja. Alisimama mbele ya picha, akaitazama. Akainamisha kichwa upande mmoja, akainamisha upande wa pili. Kisha akanigeukia, na sauti yake haikuwa ya kulia hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeletewa ndoo isiyo yake pale kisimani.

"Huyu ni nani?"

Wanawake wa kanisa wakaguna kwa huruma na kumkimbilia. "Pole mathe, pole, huzuni imemzidi." Mmoja akampepea kwa kitabu cha ibada chenye yale meno. "Nauliza," akasema tena, "huyu ni nani mmeniwekea? Yule anacheka yuko wapi?" Wakamkalisha. Wakamletea maji. Mhubiri akaomba Mungu aifunge roho ya kuchanganyikiwa. Hakuna mtu hata mmoja, katika umati wote ule, aliyewaza kwamba mwanamke anayeuliza swali huenda anataka jibu.

Nililijibu mimi, sikioni mwake. Nilimwambia wameyapaka meno rangi nyeupe kwenye kompyuta. Alinisikiliza. Kisha akaikunja miwani akaishika mkononi kama mtu anayengoja zamu yake.

Mheshimiwa alizungumza kabla ya mhubiri. Alikuwa na chupa yake ya maji ya dukani, na meza kuu nzima ilikuwa na chupa kama hizo. Sisi wengine tulikuwa na pipa na kikombe cha plastiki. Alikunywa, akapangusa midomo, akanguruma. Alisema kijana huyu alikufa bunduki mkononi, akimtazama adui machoni, akipigania kila inchi ya ardhi yetu. Mwanajeshi kijana aliyekuwa karibu nami na shada la maua akatazama viatu vyake. Mheshimiwa akasema kwa heshima ya shujaa atachimba kisima kipya, chenye maji tele, kiitwe kisima cha shujaa. Debe tupu haliachi kuvuma. Watu wakapiga makofi, wakaachama kwa furaha, na meno yao yote nikayaona, safu kwa safu, kahawia, kahawia, kahawia, yakimshangilia mtu aliyekunywa maji ya chupa. Hao ndio waliomwonea aibu ndugu yangu.

Tulikwenda kaburini, nyuma ya nyumba, upande wa zizi la zamani. Wanajeshi walifanya kazi yao sawasawa. Tarumbeta ililia, bunduki zikapigwa, mbwa wakakimbia, bendera ikakunjwa. Yule afande wa makamo aliileta kwa mikono miwili na kumpa Mama, naye akaipokea kwa heshima akanikabidhi mimi. Halafu akanyoosha mkono kwa Anko, aliyekuwa ameikumbatia fremu kifuani kama tuzo ya shule.

"Leta."

Anko akadhani anataka kuibusu mbele ya kamera. Akaileta, akaishikilia vizuri ipigwe picha. Mama aliichukua, akapiga magoti kwenye udongo uliotolewa kaburini, akaiegemeza pajani. Alilamba kidole gumba, kama alivyokuwa akilamba alipotufuta uso mlangoni kabla ya kwenda kanisani. Akakigusisha kwenye udongo. Kisha akaanza kupaka. Alianza na jino la mbele, akaendelea na la pili. Hakuwa na haraka. Kidole kikikauka anakilamba tena, anachovya tena. Udongo wetu ni wa kahawia nzito, unashika vizuri.

Watu walijisogeza waone. Kisha Anko akaharakisha na leso yake nyeupe, "Mathe, tafadhali, televisheni," akainama apanguse. Mama alimpiga kofi mkononi, paa, bila hata kumtazama, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama. Mhubiri akaanzisha wimbo kwa sauti kubwa kufunika aibu, na watu waliojua kuimba tu wakaimba. Mama akamaliza meno ya juu, akaja ya chini. Akavaa miwani, akaangalia kazi yake. Akaongeza kidogo pembeni.

Kisha akasema, kwa ile sauti aliyokuwa akitumia kutuamsha asubuhi, "Haya. Sasa ni wewe. Enda salama." Na ndipo akalia. Alilia kilio ambacho sitaki kukisikia tena, akiwa ameshika fremu kwa mikono miwili, na mimi nikalia naye, na yule afande alisimama akitugeuzia mgongo ili kamera zisipate nafasi. Anko alikuwa akimweleza mheshimiwa kwamba kina mama wa kwetu wana mila zao za zamani.

Usiku habari za televisheni zilionyesha jeneza, mheshimiwa, na picha kabla haijapakwa. Hawakuonyesha mengine.

Kisima kilichimbwa. Mheshimiwa alitimiza hilo, maana uchaguzi ulikuwa karibu. Kina jina la shujaa kwenye bamba, na maji yake yanatoka kulekule chini yalikotoka yale ya zamani. Watoto wa kijiji wanayanywa, na meno yao mapya yanatokea na mabaka kama kawaida, na hakuna mzee hata mmoja aliyeuliza. Anko alikuwa wa kwanza kufungua mfereji mbele ya watu. Bango la njia panda jua limelila. Uso wa ndugu yangu umefifia mpaka hujui kama ni mtu, bendera imekuwa ya kijivu, lakini meno bado yanang'aa, peke yake, juu ya barabara. Wageni wakiuliza njia ya kwenda kijijini huambiwa, "Boss, ukiona meno, kata kushoto."

Baada ya miezi michache nilipeleka picha ya kweli kwa mpiga picha wa Naivasha, nikamsimamia pale pale asiguse kitu. Povu, lori, kofia, meno, kila kitu mahali pake. Niliitia kwenye fremu nzuri ya mbao nikaipeleka nyumbani. Mama alikuwa sebuleni akichambua maharagwe. Ile ya kaburini ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya redio, udongo umekauka na kupasuka juu ya kioo, na palipobanduka kidogo niliona ameshaongeza mwingine mpya.

Nilimpa ile ya kwangu. Aliishika, akacheka nayo, akaipangusa kwa leso, akaniambia ni nzuri sana, niiweke kabatini isiingie vumbi.

"Siitundiki, Mama? Nitoe ile nyingine?"

Alitazama ukutani, kisha akanitazama mimi kama mtu asiyeelewa ninachouliza.

"Hiyo wachana nayo," akasema, akarudi kwenye maharagwe yake. "Huyo nimeshamrekebisha mwenyewe."